Choquequirao kwa miguu: shajara ya mradi wa kikundi chetu

Januari: lengo

Kikao cha kwanza cha mwaka tumekifanyia Moshi, nyumbani kwa Dokta, na hoja imepita: mwaka huu kikundi kinakwenda Peru, kwenye milima ya Vilcabamba, kuona magofu ya Choquequirao, mji wa Wainka, watu waliotawala milima ya Andes kabla ya Wahispania. Tutatembea Julai, kiangazi cha huko, mvua zikiwa zimekatika.

Ubishi ulikuwa mkali. Ukitaja Wainka, karibu kila mtu anaona picha ileile ya Machu Picchu, mji wao maarufu kuliko yote, na nusu ya kikundi ilitaka tupite Njia ya Inka inayoanzia mahali paitwapo Kilomita 82 na kuvuka kipito cha Warmiwañusqa, mita 4,215, kabla ya kushuka hadi Lango la Jua, mlango wa kuingilia Machu Picchu. Njia hiyo ni nzuri na ina historia yake. Lakini ruhusa ni za watu 500 tu kwa siku, waongozaji, wapishi na wapagazi wakiwa ndani ya hesabu hiyo, na za miezi ya kiangazi huisha mapema mno kwa kikundi ambacho bado kinachangishana. Choquequirao hakuna foleni ya namna hiyo. Hakuna treni, hakuna basi linalofika getini. Kuna korongo la mto Apurímac, na njia inayoshuka upande huu na kupanda upande wa pili.

Aliyemaliza ubishi ni Mgumu. Alibeba mizigo Kilimanjaro kwa miaka mingi kabla ya kufungua duka lake la vifaa vya ujenzi, na kama wapagazi wote wa mlima ule, jina la wagumu limemganda mpaka leo. Hoja yake ilikuwa fupi: "Kama treni inafika, wacheni wanaopenda treni wapande. Mimi nipelekeni mahali ambapo bila mtu kutembea hakuna kitu kinachofika." Hakuna aliyepata jibu.

Kwenye daftari la kikundi lengo limeandikwa hivi: kufika wote, kwa mwendo wa aliye nyuma, na kila mara kujua nani amebeba nini.

Machi: pesa na ramani

Mhazini ameweka utaratibu wa mchango. Mshahara ukishaingia, kila mmoja anatuma fungu lake kwa simu, na anayechelewa anapigiwa na Mhazini mwenyewe. Haandiki kwenye grupu. Utaratibu huo umefanya kazi na hakuna aliyeaibishwa. Mambo ya viza na tiketi za ndege sitayaandika. Ni fomu, picha ndogo na subira.

Ramani ndiyo iliyotuchukua jioni nyingi. Kutoka kijiji cha Cachora hadi kwenye magofu ni karibu kilomita 30 za kwenda tu. Capuliyoc, ukingo wa korongo, ni kama mita 2,900 juu ya usawa wa bahari. Mto, pale panapoitwa Playa Rosalina, uko kama mita 1,500. Ng'ambo ya pili unapanda hadi Marampata, karibu mita 2,900 tena, ndipo unafika Choquequirao yenyewe, kwenye mita 3,050 hivi.

Kwa mtu wa Kilimanjaro hesabu hii imekaa kichwa chini miguu juu. Sisi tumezoea mlima unaokudai nguvu wakati bado unazo, kisha unakurudisha nyumbani kwa mteremko. Korongo linakupa mteremko wakati miguu ni mizima, linakuchoma jua chini, halafu linakudai mlima mzima. Siku ya kurudi linadai tena vilevile. Dokta amesisitiza kwamba hatari yetu kubwa njiani ni magoti na joto, na mapafu yanafuata nyuma. Kwa hiyo mazoezi ya kupanda tu hayatoshi. Lazima tujifunze kushuka.

Aprili: Irente

Usambara wametupa korongo letu la mazoezi. Nje kidogo ya mji wa Lushoto, pale Irente, ardhi inakatika ghafla, na karibu mita 1,000 chini yako unaiona Mazinde, mashamba ya mkonge na tambarare isiyo na mwisho. Juu ni baridi ya kuvaa sweta. Chini ni joto kavu linalokausha koo kabla hujasema neno.

Tunashuka asubuhi, tunakula wali maharage chini, tunapanda mchana. Ni makusudi: tunataka mwili ujue jua la kupanda lilivyo, ili siku yenyewe ikifika tulikwepe. Na kweli, baada ya kupanda saa nane mchana kutoka Mazinde, kikundi kizima kimekubaliana bila kura kwamba upande wa pili wa Apurímac tutaanza kuupanda saa kumi alfajiri, tochi kichwani.

Mengine tuliyojifunza hapa ni madogo lakini yanaokoa safari. Kucha za miguu zikatwe fupi siku moja kabla, maana kwenye mteremko kidole kinagonga ncha ya kiatu mara elfu. Kamba za kiatu zikazwe kifundoni kabla ya kushuka na zilegezwe kabla ya kupanda. Hatua ziwe fupi, goti lisinyooke kabisa, fimbo itangulie. Mhazini, ambaye goti lake la kushoto lina historia, sasa anatembea nyuma tu ya anayeongoza, na sisi wengine tunafuata mwendo wake. Kilimanjaro kila mgeni huambiwa pole pole. Sisi tumeamua pole pole iwe na mwenyewe, mtu mmoja anayejua kwamba mwendo ni wake.

Juni: mizani

Ukurasa huu ningependa usomwe na kila anayepanga safari kama hii.

Mgumu amekuja kwenye kikao na mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa mahindi, akaifunga kwenye mwembe wa Dokta na kuagiza kila mtu alete begi lake kama litakavyosafiri. Begi moja moja limepanda. Kisha kila begi limefunguliwa, na kila kitu kikaulizwa kazi yake. Suruali ya jinzi ya pili imetoka. Spika imetoka. Chupa kubwa za mafuta ya mwili zimetoka na badala yake tumejaza vichupa vidogo. Koti la mvua, nguo za joto za jioni, soksi za kubadili, dawa na chujio la maji vimebaki bila mjadala.

Mgumu haleti hili kwa kupenda usumbufu. Kilimanjaro kanuni ni kilo 20 kwa mpagazi, na mizigo hupimwa getini. Peru nao wana sheria ya wapagazi, na ile ya mwaka 2022 imeweka kilo 20 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Ametueleza jinsi alivyowahi kubeba kwa kampuni moja ambayo begi lilikuwa halali getini, na lilipopita kona ya kwanza likaongezwa vitu vilivyotangulizwa kwa mkono. Alikuwa kijana, alihitaji ile kazi, hakusema. "Mgeni hajui," alisema. "Anaona begi lake limefika kambini, anashukuru Mungu. Kilo mbili zake hazina uso."

Choquequirao mizigo hubebwa na nyumbu wa kufugwa, wakiongozwa na wenyewe wa Cachora wanaoitwa arriero. Lakini nyumbu naye ana mgongo, na anayemfunga mzigo alfajiri ni mtu.

Jioni ile niliwasomea kidogo kuhusu Wainka wenyewe, na nadhani hapo ndipo mradi ulipopata sura. Dola yao ilitoka kusini mwa Kolombia ya leo hadi katikati ya Chile, na mtandao wa barabara zake, Qhapaq Ñan, ulizidi kilomita 30,000. UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2014 kwa ombi la nchi sita kwa pamoja. Barabara zote hizo hazikupitiwa na gurudumu hata moja. Hawakuwa na farasi wala ng'ombe. Ujumbe ulikwenda kwa chaski, wakimbiaji waliopokezana njiani. Shehena ilikwenda kwa migongo ya watu waliotumikia dola kwa zamu, mit'a, na kwa migongo ya llama, mnyama anayeweza kilo 25 hadi 30 hivi, na ambaye ukimzidishia hulala chini akakataa kuinuka. Njiani kulikuwa na tambo za kulala na maghala ya chakula, ili anayebeba ale.

Mgumu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tunakwenda kuona kazi ya wagumu." Imeandikwa kwenye daftari.

Julai, Cusco

Tumefika salama wote. Cusco, mji mkuu wa kale wa Wainka, uko kwenye mita 3,400, yaani kati ya kibanda cha Mandara na cha Horombo kule Kilimanjaro, tofauti ikiwa kwamba Horombo unafika kwa miguu na mwili unazoea njiani, na hapa ndege inakushusha tu. Vichwa vimeuma, ngazi za nyumba ya wageni zimekuwa mlima. Hakuna aliyeona aibu kulala mchana. Tunakunywa maji mengi, chai ya majani ya koka asubuhi na jioni, chakula chepesi, hakuna pombe. Dokta anazunguka na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni na kuandika namba za kila mtu.

Namba zilipopanda tumetembea taratibu hadi Sacsayhuamán, magofu ya Wainka juu ya mji. Mawe mengine pale yana uzito unaozidi tani 100, yamekatwa kona nyingi na kushikana bila saruji, na kwenye maungio huwezi kupitisha ukucha. Mgumu aliweka kiganja kwenye jiwe moja akatazama bondeni, akatafuta kwa macho njia ambayo lingevutwa kupitia. Ndivyo anavyotazama kila kitu tangu tumefika.

Njiani kwenda Cachora

Basi la Abancay linapita Limatambo, linavuka Apurímac, linapanda Curahuasi kwenye mashamba ya bizari tamu, na kutushusha kwenye njia panda. Kabla ya kushuka kijijini tulikwenda kuona jiwe la Saywite, lililo karibu. Ni jiwe kubwa la mviringo, na juu yake wachongaji wa kale wamechonga zaidi ya maumbo 200: matuta ya shamba, ngazi, mifereji, chui, vyura, nyani. Wengi wanaamini lilihusiana na maji, na ukiinama karibu unaona kwa nini: mifereji imechongwa kwa mteremko halisi, kiasi kwamba ukimimina maji juu yatapita kwenye kila ngazi mpaka ukingoni. Nimelitazama mpaka Mhazini akanivuta mkono.

Cachora tumempata arriero wetu, mzee mwenye nyumbu wake na kijana wake. Kikechua ndicho lugha yake, Kihispania anakijua, na Dokta alisomea udaktari Kuba, kwa hiyo mazungumzo yote yanapitia kwake. Mgumu akatoa mizani. Mzee aliitazama, akatutazama, akauliza kama tunadhani anataka kutuibia. "Mwambie mzee shikamoo kwanza," Mgumu alimwambia Dokta, "halafu umwambie mizani ni yetu sisi, si yake. Sisi ndio tunaopimwa." Dokta alilieleza hilo kwa namna yake. Mzee alicheka, akashika mizani, na akapima mabegi yetu mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa furaha ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

Capuliyoc hadi Chiquisca

Alfajiri nimekaa karibu kuona nyumbu wakifungwa mizigo. Kwanza mzee anamfunika nyumbu macho kwa kitambaa, na mnyama anatulia papo hapo. Kisha blanketi kuukuu, juu yake tandiko, kisha mabegi mawili ya uzito sawa, moja kila ubavu, yanainuliwa kwa pamoja na watu wawili ili mgongo usipinde. Kamba ya ngozi inapita chini ya tumbo, inavutwa kwa goti lililobanwa ubavuni. Mwisho mzee anaingiza vidole vinne kati ya kamba na ngozi, aone vinapita. Vikipita vizuri sana anakaza, visipopita analegeza. Kitambaa kinatolewa, nyumbu anapepesa macho, safari inaanza. Mgumu alisimama pembeni mikono nyuma, kama mtu aliyeingia msikiti wa ugenini.

Capuliyoc korongo linafunguka lote. Ng'ambo kuna kilele cheupe cha theluji, Padreyoc, na chini kabisa uzi wa mto. Njia inashuka kwa vikona vya vumbi. Mimea inabadilika huku unatazama: juu nyasi na vichaka vya baridi, katikati miiba, chini dungusi kavu na miti mirefu iliyoning'iniza ndevu za kijivu. Tai wa Andes, kondori, walipita usawa wa macho yetu, kisha wakawa juu yetu, kwa vile ni sisi tuliokuwa tunashuka.

Goti la Mhazini limeshika. Tumefika Chiquisca jua likiwa bado kali. Kambi ina kivuli, maji, na mbu wadogo wa kuuma wasiosikika. Suruali ndefu na mikono mirefu si mapambo hapa, na anayevaa kaptula atakumbuka kwa wiki nzima.

Mto, Santa Rosa, Marampata

Tulivuka daraja gizani, mto ukinguruma chini yetu. Maji haya yanatoka milimani kusini, na Apurímac ni mmoja wa mito inayotajwa kuwa chanzo cha mbali kabisa cha Amazon. Yatakayobaki yataishia Atlantiki. Kisha tukaanza kupanda, tochi kichwani, hakuna mazungumzo. Ukuta wa upande huu umesimama zaidi kuliko ule tulioshuka. Kulipopambazuka tulikuwa Santa Rosa, kwenye mashamba madogo ya miwa, na mama mmoja akatuuzia viazi vya kuchemsha na chai ya moto. Jua lilipoingia korongoni, nusu ngumu ilikuwa nyuma yetu. Irente imelipa.

Marampata ni nyumba chache kwenye bega la mlima. Familia za hapa zinapokea wageni, zinapika, zinauza maji na biskuti, na kila mfuko wa mchele umepanda ile njia tuliyopanda sisi, mgongoni mwa nyumbu. Bei ni kubwa kuliko Cachora na ni ya haki. Mmoja wetu alianza kubishana kuhusu soda, Mgumu akailipia kimya kimya, ubishi ukaisha.

Jioni kulikuwa na habari ya magari ya kebo. Kwa miaka mingi pamekuwepo mpango wa kuvusha wageni juu ya korongo kwa kebo, wafike kwa dakika badala ya kutembea. Tuliwauliza wenyeji, na majibu yalitofautiana ndani ya nyumba hiyohiyo. Kijana wa mzee anaona wageni wengi, kazi nyingi. Mzee anauliza nyumbu wake watakula nini. Sisi tunaujua mjadala huu: mwaka 2019 ulipotangazwa mpango wa kebo Kilimanjaro, waongozaji na wapagazi ndio waliopaza sauti. Mgumu hakutoa hotuba. Alimwambia mzee, kupitia Dokta, kwamba wakija na karatasi asome mpaka mwisho, na aulize nani atalipwa baada ya ujenzi kwisha. Msimamo wangu mimi naueleza wazi: mtu aliyevuka korongo hili kwa miguu anafika Choquequirao akiwa ameshaelewa nusu ya mji.

Choquequirao

Kwa kweli ndivyo ilivyo. Mji umekaa kwenye mgongo wa mlima unaotokeza juu ya korongo, na ukisimama kwenye uwanja mkuu unaona mara moja kwa nini palichaguliwa. Pande tatu ni mteremko. Wahispania walipouteka Cusco, Manco Inca, mfalme wa Wainka, aliasi mwaka 1536, kisha akaingia milima hii ya Vilcabamba, na ufalme wake wa mwisho ukadumu humu hadi mwaka 1572, mwanawe Túpac Amaru alipokamatwa na kuuawa hadharani Cusco. Choquequirao ilijengwa kabla ya hapo, katika karne ya 15, lakini iko ndani ya ngome hiyo ya asili, na wataalamu wengi wanaihusisha na dola ile ya upinzani. Miguu yetu ilikuwa na jibu lake kuhusu jeshi lenye farasi na silaha za chuma kwenye njia ya jana.

Kuta hapa si zile za Cusco. Jiwe la mlima huu ni la matabaka, linapasuka bapa, halikubali kuchongwa likang'aa. Mafundi wamelipanga kwa udongo, wakapiga lipu ya udongo juu, na mawe mazuri wakayaweka kwenye kona, vizingiti na madirisha ya ukutani. Baadhi ya nyumba ni za ghorofa mbili, na kwenye kuta za pembetatu bado yametokeza mawe yaliyofungiwa paa. Mfereji wa maji unateremka kutoka juu ya mlima, unapita kando ya uwanja wa juu na kushuka hadi uwanja mkuu. Nilifuata mfereji huo kutoka mwanzo wake hadi mwisho, maana ndio unaoeleza mji: wa juu walipata maji kwanza, kisha maghala, kisha uwanja.

Kusini mwa uwanja kuna kilima kilichokatwa kichwa kikawa bapa, kimezungushiwa mawe. Huu ndio ushnu, mahali pa ibada. Upepo unavuma pande zote, na mto usioonekana unasikika. Tulikaa pale muda mrefu, watu wachache mno mlimani kote, na sehemu kubwa ya mji bado imefunikwa na msitu.

Hiram Bingham, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Yale, alifika hapa mwaka 1909, miaka miwili kabla ya kupelekwa Machu Picchu. Hakuwa wa kwanza: watafuta hazina walikuwa wametangulia, na wasafiri wa karne ya 19 kabla yao. Wageni wale waliacha majina kwenye mawe. Waliobeba mizigo yao, wenyeji, hawakuandikwa popote.

Matuta ya llama

Upande wa magharibi, chini sana ya uwanja, kuna matuta ya kilimo yaliyotolewa msituni miaka ya 2000. Unashuka ngazi nyembamba zilizosimama, ukuta mkono mmoja, hewa mkono mwingine. Mhazini ameshuka zote.

Kwenye kuta za matuta hayo mafundi wamepachika llama. Ukuta ni wa jiwe la kijivu cheusi, na katikati yake vipande vya jiwe jeupe vimepangwa vikawa mnyama: shingo ndefu iliyonyooka, masikio, mgongo, miguu. Wako zaidi ya ishirini, kwenye tuta baada ya tuta, na wanaelekea upande mmoja, kama msafara unaopanda. Mmoja ana mtoto nyuma yake. Hawakuchorwa juu ya ukuta uliokwisha kujengwa. Ukiweka jicho karibu unaona jiwe jeupe limeingia ndani ya ukuta sawasawa na jeusi, maana yake fundi alijua umbo zima tangu jiwe la kwanza la miguu.

Sijaona mahali pengine ambapo dola imemweka mbeba mizigo wake ukutani kwa jiwe la rangi ya pekee. Wafalme wa Inka hawakuchongwa hapa. Mashujaa hawakuchongwa. Aliyechaguliwa ni mnyama aliyeleta chumvi, mahindi na sufu.

Mgumu alikwenda tuta kwa tuta, akirudi nyuma kila mara aone vizuri. Alipomaliza alikuja kukaa karibu yangu. "Hawajabebeshwa kitu," alisema. Nikatazama tena, na ni kweli. Migongo yote ni mitupu. Dokta akasema labda ni mifugo ya ibada, si ya msafara. Inawezekana. Mgumu alisema kwake yeye haidhuru, mradi aliyewapanga alikuwa anawajua: miguu ya wale wa mbele imekaa kama ya mnyama anayepanda, uzito nyuma.

Kurudi Cachora

Kurudi kulikuwa kama tulivyoandika Machi, kugumu kuliko kwenda. Tulivuka mto mapema, tukapumzika Chiquisca joto lote la mchana, na ukuta wa mwisho hadi Capuliyoc tukaupanda kwa hatua za Mhazini, bila kumpita. Ngozi za vidole zimeondoka kwa wawili wetu, goti limevimba kidogo, Dokta ameridhika na wote.

Malipo ya mzee na kijana wake, pamoja na bakshishi, yametolewa mkononi, mbele ya kikundi kizima, yakahesabiwa kwa sauti. Mgumu alitaka iwe hivyo. Mizani imebaki Cachora. Mzee ameitundika kwenye boriti ya kibaraza chake na amesema wageni wajao wataanzia pale.

Agosti: hali ya mradi

Lengo limetimia kama lilivyoandikwa. Yaliyobaki ni haya. Naandaa maelezo ya njia kwa Kiswahili, yenye sehemu za maji, kambi, na saa za kuondoka, kwa kikundi chochote cha nyumbani kitakachotaka kwenda. Dokta anaandika orodha yake ya dawa na namna alivyofuatilia oksijeni. Mgumu amekubali kuzungumza na vijana wanaoanza kazi ya upagazi Moshi kuhusu kupima mzigo na kudai kupimiwa.

Kuhusu mwakani, kuna pendekezo la ile njia ndefu inayoendelea kutoka Choquequirao kupitia Maizal na Yanama hadi upande wa Machu Picchu. Mhazini anasema goti lake likikubali Desemba, jina lake liandikwe la kwanza. Kikao cha hesabu ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kwake Arusha, na kila mtu aje na risiti zake.